Jina la babu liliandikwaje? Kutafuta nasaba za Tanga na Bagamoyo mtandaoni bila malipo

Mtu wa Pangani au Dunda akitafuta babu yake mtandaoni, huandika jina, hubofya, akapata patupu. Wengi huishia hapo wakiamini hakuna kilichoandikwa. Mara nyingi kipo, ila nyaraka za zamani zilipangwa kwa ofisi iliyoziandika: boma la Mjerumani, misheni, jeshi, mahakama. Ukoo haukupewa rafu yake. Basi kabla ya kushika simu, tafuta jibu la swali moja: babu alipitia ofisi gani?

Jibu liko kwa wazee. Uliza jina lake kamili na bin nani, kitongoji chake, jumbe wa wakati ule, na kazi aliyofanya. Alikuwa manamba kwenye mkonge? Alibatizwa Magila au misheni ya Bagamoyo? Alibeba mizigo ya vita? Kama kuna habari za utumwa, uliza faraghani na kwa heshima. Wapo wazee ambao hawajawahi kuitamka habari hiyo mbele ya watoto wao.

Tarehe nazo zina mtego. Bibi akisema mtoto alizaliwa mfunguo sita, ana maana mwezi wa Maulidi, kwa sababu pwani miezi huhesabiwa baada ya Ramadhani. Na ukikuta hati ya kadhi ya mwaka 1305, usijumlishe 622 ukapata 1927. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya kawaida. Mwaka 1305 ulianza Septemba 1887 ukaisha Septemba 1888. Kosa hilo moja humsogeza marehemu mbele miaka 40, kutoka zama za Abushiri hadi zama za Mwingereza, na ukoo mzima ukapinda.

Sasa tahajia, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Karani wa Kijerumani aliandika kwa masikio yake. Juma akawa "Dschuma", shauri "Schauri", Vuga "Wuga", Muheza "Muhesa", Bagamoyo "Bagamojo". Sauti ya ch aliiandika "tsch". Miji mingine ilibadilishwa jina kabisa: Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Mlalo ikaitwa Hohenfriedeberg. Andika kwenye karatasi kila namna ambayo jina la babu na la kijiji chake lingeweza kuandikwa, kisha zijaribu zote, moja baada ya nyingine.

Ukiwa na karatasi hiyo, anza na Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Mfumo wake wa kutafutia unaitwa invenio, na fungu la R 1001 ndilo lenye majalada ya Wizara ya Makoloni, ambayo picha zake husomwa bure. Tafuta kwa maneno yao: "Bezirksamt Tanga" ni ofisi ya wilaya, "Freibrief" ni hati ya kuachiwa huru, "Hüttensteuer" ni kodi ya nyumba. Maelezo unayoyaona kwenye orodha ni ya jalada zima. Majina yako ndani, kwa hiyo itabidi ufunue ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zama zile husumbua. Herufi e hufanana na n. Zoeza jicho kwanza kwa majina ya mahali unayoyajua, ndipo uende kwenye sentensi.

FamilySearch, tovuti ya nasaba ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nayo ni bure ukifungua akaunti. Mwaka 2021 ilikamilisha kugeuza filamu zake za nyaraka zaidi ya milioni 2.4 kuwa picha za kompyuta. Usitegemee kisanduku cha jina peke yake, maana picha nyingi hazijatengenezewa faharasa. Ingia kwenye katalogi utafute kwa mahali. Alama ya kamera maana yake picha inafunguka. Kamera yenye ufunguo juu yake maana yake kuna masharti, na huenda ukalazimika kwenda kwenye kituo chao. Mti wa ukoo wa humo ni wa pamoja: mtu mwingine anaweza kubadilisha ulichoandika, kwa hiyo nakala yako iweke nyumbani.

Kwa waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ipo tovuti ya Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye majina ya askari waliozikwa Tanga baada ya mapigano ya Novemba 1914, wakiwemo Wahindi. Wapagazi wetu walitendewa tofauti. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, haina orodha ya majina yao, na mwaka 2021 kamisheni yenyewe ilikiri dhuluma hiyo. Kwa hiyo kukosa jina humo hakuthibitishi kwamba babu hakufia vitani.

Madaftari ya ubatizo usipoyapata mtandaoni, yafuate parokiani. Nenda na jina la ubatizo, mwaka wa kukisia na jina la msimamizi, kwa sababu padri hawezi kufunua miaka 30 ya daftari kwa jina la Yohana peke yake.

Kila picha unayohifadhi, ipe papo hapo jina lenye fungu, namba ya jalada, namba ya ukurasa na tarehe uliyoifungua. Picha isiyo na namba hiyo, ndugu yako wa Mombasa hataweza kuirudia wala kuihakiki.