Kesi za kubeba bastola Marekani: yanayosemwa na yaliyoamuliwa

"NRA ndiyo inayofungua kesi zote." NRA, chama kikubwa cha wenye silaha nchini Marekani, ina nguvu, lakini kesi ya Heller, iliyofuta marufuku ya bastola majumbani mjini Washington mwaka 2008, ilianzishwa na mawakili wachache wa kujitegemea, huku NRA ikiona bado ni mapema. Miaka miwili baadaye jiji la Chicago, lililokuwa na marufuku kama hiyo, lilishindwa mahakamani na Otis McDonald, mzee Mweusi aliyekwisha kustaafu, ambaye nyumba yake ilikuwa imevunjwa na wezi zaidi ya mara moja.

"Wanaodai ni Wazungu wa mashambani tu." Dhana hii inanikera kuliko zote. Kesi ya Bruen, iliyopinga sheria ya New York ya vibali vya kubeba bastola, ilifunguliwa na chama cha wenye silaha cha jimbo la New York, pamoja na wanachama wawili waliopewa vibali vyenye masharti tu. Walioandika kuwaunga mkono mahakamani ni pamoja na mawakili wa maskini wa Bronx na Brooklyn, sehemu za jiji la New York, wengine wao Weusi. Wateja wao, wengi wakiwa Weusi na Walatino, walikuwa wakishtakiwa kwa kubeba bastola bila kibali, kibali ambacho mtu wa kawaida asingekipata hata angekiomba. Ukichukia silaha kiasi gani, hoja hiyo inastahili kusikilizwa.

"Sasa kila mtu anabeba popote." Si kweli. Tarehe 23 Juni 2022, katika kesi hiyo ya Bruen, majaji sita dhidi ya watatu wa Mahakama ya Juu walifuta sharti moja la New York: kwamba mwombaji aonyeshe haja ya pekee ya kujilinda, inayozidi ya wananchi wenzake. Kuomba leseni kumebaki, na jimbo bado linaweza kudai alama za vidole, uchunguzi wa rekodi za uhalifu na mafunzo. Mwaka 2024, kwa kura nane dhidi ya moja, Mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa ukatili wa nyumbani, baada ya kuonekana ni tishio, anaweza kuzuiwa kumiliki silaha.

"Wakishinda, yamekwisha." Siku nane tu baada ya hukumu ya Bruen, New York ilipitisha sheria mpya inayokataza bastola Times Square, kwenye treni za chini ya ardhi, bustanini na kwingineko. Vyama vya wenye silaha vikarudi mahakamani. Oktoba 2024 mahakama ya rufaa iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo iendelee kutumika, ila ikazuia kifungu kilichopiga marufuku bastola katika maduka na mali nyingine binafsi zilizo wazi kwa umma, mpaka mwenyewe aruhusu.