Mboni imeanza weupe? Nani kakwambia usubiri ikomae?

Swali: Mboni ni nini, na neno lenyewe limetoka wapi?
Jibu: Ni ule mduara mweusi katikati ya jicho, tundu la kupitishia mwanga. Neno ni ndugu wa kuona, zamani kitenzi kilikuwa na b, Warundi na Wanyarwanda mpaka leo wanasema kubona na Wazulu ukubona, kwetu b ikadondoka kwenye kuona ila kwenye mboni ipo bado. Yaani mboni ni ya kuonea, na inatakiwa iwe nyeusi.

Swali: Ikiwa nyeupe au kijivu?
Jibu: Kwa mtu mzima mara nyingi ni mtoto wa jicho, lenzi iliyo nyuma ya mboni imeingia ukungu. Siyo ngozi imeota juu, siyo uchafu wa kuosha.

Swali: Si lazima ikomae ndo itolewe?
Jibu: Hapana. Hiyo ilikuwa enzi za upasuaji wa kizamani. Siku hizi ukishindwa kuchambua mchele au kumtambua mtu mpaka aongee, muda umefika. Hili siyo embe jamani! Ikipitiliza inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa hata tukiweka lenzi mpya hauoni kitu.

Swali: Matone je?
Jibu: Hakuna matone yanayotoa mtoto wa jicho. Hakuna. Kila kliniki lazima nikutane na mama anafungua pindo la khanga anatoa kichupa, lebo imeshafutika, jirani ndo kampa, na vingine vina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo yenyewe ikitumiwa muda mrefu inaleta huo huo mtoto wa jicho. Asali, maziwa ya mama, majani, acheni kabisa.

Swali: Mboni ya mtoto mchanga ikiwaka nyeupe kwenye picha ya flashi?
Jibu: Hospitali kesho asubuhi, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa kansa, na hata isipokuwa kansa ubongo wa mtoto usipopata picha safi kutoka kwenye jicho mapema haujifunzi kuona.

Swali: Naogopa kisu, nisubiri kidogo?
Jibu: Usisubiri. Mtu mzima anapigwa ganzi ya jicho tu, lenzi chafu inatoka inawekwa ya bandia, mara nyingi hata nusu saa haifiki na jioni uko kwako. Kesho yake bandeji ikifunguliwa wazee wengi huanza kwa kujitazama viganja.