Kupatana nyumbani na kufutwa kwa kesi mahakamani

Katika maonesho ya Wiki ya Sheria, ambayo hufanyika kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria, wananchi wa Moshi hutuuliza swali moja kwa namna nyingi: tumekaa na wazee, tumelipana, tumesameheana, mbona bado mahakama inatuita? Jibu ni kwamba katika kesi ya jinai mwenye shauri ni Jamhuri, yaani Serikali kwa niaba ya umma. Aliyepigwa ngumi katika ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, ni mlalamikaji na shahidi muhimu. Ana haki ya kusamehe, lakini uwezo wa kulimaliza shauri lililokwisha kufunguliwa hauko mikononi mwake.

Hata hivyo, sheria haikuufunga mlango wa suluhu. Ibara ya 107A(2)(d) ya Katiba inaziagiza mahakama kukuza na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro. Kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, katika toleo la 2022, kinaeleza kwamba katika shauri la shambulio la kawaida, au kosa jingine lenye sura ya ugomvi binafsi, mahakama inaweza kuhimiza mapatano kwa masharti ya fidia au masharti mengine itakayoyaridhia, kisha ikaamuru mwenendo wa shauri usimamishwe. Inafanya hivyo pale tu inapoona kwamba maslahi ya umma hayadai adhabu. Kwa hiyo hakimu anaweza kusoma mapatano yenu na bado akaamua kesi iendelee, hasa ikiwa mshtakiwa amezoea kupiga watu au silaha ilitumika.

Kwa Wachagga jambo hili si geni. Mkosaji aliyepeleka jani la mmea uitwao isale kwa aliyemkosea amekiri na kuomba msamaha, na aliyepelekewa hutarajiwa kusamehe. Mmea huohuo ndio unaopandwa kuonyesha mipaka ya vihamba, ambayo mara nyingi ndiyo chanzo cha ugomvi wenyewe. Mahakama haipingi desturi hiyo. Inachotaka ni kuelezwa kilichokubaliwa na kujiridhisha kwamba kila upande umekubali kwa hiari, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mke aliyepigwa na mumewe, akaketishwa mbele ya wakwe na kuambiwa asiiaibishe familia, anaweza kutia saini karatasi ya mapatano bila kuwa amesamehe chochote.

Katika Mahakama ya Mwanzo mlalamikaji anaweza pia kuomba kuondoa malalamiko yake, nayo yataondolewa kwa ridhaa ya mahakama. Katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, anayeweza kuondoa mashtaka ni mwendesha mashtaka, chini ya kifungu cha 98 cha Sheria hiyohiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika toleo hilohilo la 2022. Akiyaondoa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa anaachiwa lakini anaweza kushtakiwa tena kwa kosa hilohilo. Yakiondolewa baada ya hapo, anaachiwa huru kabisa. Makubaliano ya kukiri kosa, kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, yaliyoingizwa katika sheria mwaka 2019 ni utaratibu mwingine, kwani humalizika kwa mshtakiwa kutiwa hatiani.

Yapo makosa ambayo hayana nafasi katika kikao cha ukoo. Ubakaji, ulawiti na kumpa mimba mwanafunzi, kosa ambalo tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Elimu lina adhabu ya kifungo cha miaka 30, hayageuki kuwa ugomvi binafsi kwa sababu familia mbili zimepeana ng'ombe. Tena, Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayepokea mali kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa la jinai, kwa hiyo mzazi anayepokea fedha ili binti asiende kutoa ushahidi anaweza kujikuta kizimbani yeye mwenyewe.

Wale ambao shauri lao linafaa kupatanishwa waandike mapatano yenye namba ya kesi, majina ya pande zote, kiasi cha fidia na tarehe ya malipo, kisha wayapeleke mahakamani siku ambayo shauri limepangwa. Ni salama zaidi malipo yakamilike kabla ya amri kutolewa, na risiti au maandishi ya kupokea fedha yawepo, kwa maana ahadi ya kulipa baada ya mavuno huzaa ugomvi wa pili. Fedha za fidia apewe aliyekosewa, zisipitie kwa askari wala mtu anayejitambulisha kuwa anafahamiana na hakimu. Hadi amri itolewe, mshtakiwa aliye nje kwa dhamana lazima ahudhurie kila tarehe, kwani asipotokea mahakama inaweza kutoa hati ya kumkamata na wadhamini wake wakatakiwa kujieleza, hata kama tayari amekwisha kula na kunywa na aliyemshtaki.