Je, Wajua Kwa Nini Kuna Mafuta Yasiyopanda Mnara?

Mafuta ghafi yanapofika katika kiwanda cha kusafishia, hupitishwa kwanza kwenye tanuri na kupashwa moto hadi kiasi cha nyuzijoto 350 za Selisiasi, kisha huingizwa ndani ya mnara mrefu wa chuma. Humo mvuke hupanda na kupoa, na kila aina ya mafuta hurudi kuwa kimiminika mahali pake: petroli karibu na kilele, mafuta ya taa chini yake, kisha dizeli. Lakini yapo yasiyopanda kabisa. Hubaki kitakoni mwa mnara, meusi na yenye kunata, kama machicha yanavyobaki katika kifumbu baada ya tui kukamuliwa.

Kwa nini basi moto usiongezwe mpaka nayo yageuke mvuke? Masalia hayo yana molekuli kubwa mno, ambazo zikipashwa moto kupita nyuzi 370 hivi huanza kuvunjika kabla ya kuchemka, zikaacha makaa magumu yanayoziba mabomba ya tanuri. Mafundi hukwepa shida hiyo kwa kuyapeleka kwenye mnara wa pili ulionyonywa hewa, maana shinikizo likipungua kimiminika huchemka kwa joto dogo zaidi, kama maji yanavyowahi kuchemka juu ya Kilimanjaro kuliko Tanga. Kinachokataa hata huko ndicho hutengenezewa lami ya barabara.

Si kila kiwanda kina uwezo wa kuyavunja masalia hayo kwa makusudi ili yatoe mafuta mepesi. Kile cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, hakikuwa na mitambo hiyo, hivyo kila shehena iliyopita humo ilitoa mafuta mazito mengi, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya mafuta ghafi yenyewe. Kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na kwa maoni yangu hesabu hiyo peke yake ilitosha kukichosha.

Wanunuzi hata hivyo wapo. Mtambo wa umeme wa Kipevu III, jirani na hapo, wenye uwezo wa megawati 120, huendeshwa kwa mafuta mazito, na ndivyo zilivyo meli nyingi za mizigo. Yakipoa huwa mazito kiasi kwamba pampu hushindwa kuyasukuma, kwa hiyo matangi yake hupashwa moto muda wote, na kabla ya kuingia kwenye injini joto lake hupandishwa kupita nyuzi 100.

Kasoro yake kubwa ni salfa, ambayo hujikusanya humo kwa kuwa imeshikamana na molekuli nzito. Tangu tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari limeshusha kiwango kinachoruhusiwa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na ndiyo maana baadhi ya meli zimefungwa vifaa vya kuosha moshi, ili ziendelee kununua mafuta yale yale ya bei nafuu.