Kwa nini aliyebakwa husimulia vipande vipande?

Tuseme mwanamke kavamiwa usiku akirudi nyumbani Ngamiani, Tanga, na sasa yuko mbele ya askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Harufu ya tumbaku anaikumbuka. Kisu shingoni anakikumbuka. Lakini ilikuwa barabara ya 8 au ya 12? Jana alisema saa tatu, leo anasema saa tano. Wasikilizaji wengi huishia hapo: huyu muongo.

Hofu kali hujaza mwili homoni za adrenalini na kotisoli. Amigdala, sehemu ya ubongo inayonusa hatari, hufanya kazi kupita kiasi, huku hipokampasi, inayopanga matukio kwa mahali na wakati, ikizidiwa. Basi kilichotishia uhai hunasa, cha pembeni hupotea au hurudi siku nyingine. Wengine huganda kabisa, sauti haitoki. Ndiyo maana "mbona hukupiga kelele?" ni swali la hovyo kuliko yote: humfunga mtu mdomo, au humfanya abuni jibu la kumridhisha muulizaji. Jibu hilo ndilo wakili wa utetezi atakalolishikia bango mahakamani. (Tuwe wakweli pia: kutetemeka na kulia si uthibitisho, wala utulivu si dalili ya uongo.)

Askari anayejua kazi huanza na pole. Hutafuta chumba chenye mlango, humwacha mwenyewe achague pa kukaa bila kuzibiwa njia ya kutokea, na humwambia mapema kwamba mapumziko ni haki yake. Kisha: "Nieleze dada, anzia unapoweza." Halafu ananyamaza. Mfuatano wa saa na mahali haulazimishwi. Maswali ya kufafanua huja mwishoni. Asichokumbuka kiandikwe "sikumbuki", si saa ya kukisia.

Je, maelezo yasubiri mpaka atulie? Si yote. Mahakama za Tanzania huthamini sana shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, hivyo jina au wajihi wake, mahali na wakati wa kukadiria viandikwe siku hiyohiyo. Maelezo marefu yachukuliwe akishapumzika, mara moja, na mtu mmoja. Kila anaporudishwa kuanza upya, tofauti ndogo huongezeka, ingawa zisizogusa kiini cha kesi hazipaswi kuiangusha. Mahakamani ushahidi wa makosa ya kujamiiana hutolewa faraghani, na hilo aambiwe tangu mwanzo, maana wengi huacha kesi wakidhani watasimama mbele ya mtaa mzima.

Hospitali nayo haingoji maelezo yakamilike. Dawa za kukinga VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Asioge kabla ya kupimwa, ila akiwa ameshaoga bado aende. Nguo zikaushwe kivulini, kila moja ndani ya mfuko wake wa karatasi. Kwenye rambo hupata unyevu na ukungu, na vinasaba (DNA) huharibika.