Taya lililovunjika haliungwi kwa chokaa

Huku Mtwara, kijana akianguka na bodaboda akavunjika taya, bado utasikia: mpakeni chokaa, mfupa unywe madini. Jamani, chokaa inaunguza ngozi, na madini yake hayafiki kwenye mfupa. Kalsiamu huufikia mfupa kwa damu, kutoka kwenye chakula. Daktari wa upasuaji huweza kujaza kalsiamu fosfeti (madini yanayofanana na ya mfupa) penye pengo la mfupa, lakini huiweka ndani, kwenye mfupa wenyewe.

Taya huungwa na utulivu: meno ya juu na ya chini yanafungwa kwa waya, mgonjwa anakunywa uji mwepesi kwa mrija, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo kijana akianguka, kabla ya yote mwambieni aume meno taratibu. Meno yasipokutana kama zamani, mpelekeni hospitali leo hii.