Sodiamu imeshuka? Usikimbilie kopo la chumvi

Mama mmoja wa Mbagala, mgonjwa wa presha ya mapafu (shinikizo kubwa kwenye mishipa ya damu ya mapafu), alirudi na karatasi ya vipimo vya damu: sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, 128, wakati kawaida ni 135 hadi 145. Jioni hiyo mwanawe akamkorogea uji kwa vijiko viwili vya chumvi. Siku chache baadaye miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na usiku halali ila ameegemea mito. Kijana alifanya kwa mapenzi. Aliamini kuwa sodiamu ikishuka, chumvi imepungua mwilini.

Ukweli: kwa wengi wa wagonjwa hawa chumvi ipo, mara nyingi hata imezidi, ila maji yamezidi zaidi. Ni kama mchuzi uliokolea ukamiminiwa jagi la maji. Mishipa ya mapafu ikibana, upande wa kulia wa moyo husukuma kwa shida hadi unachoka. Damu inayozunguka ikipungua, ubongo hudhani mwili umekauka, hutoa homoni ya kuzuia mkojo, na figo hushikilia maji. Ndiyo maana daktari wa moyo akiona namba hii inateremka huwaza kwanza kama moyo wa kulia umeelemewa.

"Dar joto hili, anywe maji mengi na madafu." Hapana, si kwa huyu. Daktari akimpangia kiwango cha siku, jaza chupa yenye ujazo huo asubuhi. Akinywa kikombe cha chai, mwaga kikombe cha maji kutoka kwenye chupa. Uji, supu na madafu vinahesabiwa vilevile.

"Vidonge vya kukojoa ndivyo vilivyoharibu, aache." Kweli vinaweza kushusha sodiamu, hasa vya jamii ya thayazaidi, lakini ukiviacha kienyeji maji yatajaa upya. Mwachie daktari abadilishe dawa au dozi.

Kuhara na kutapika hupoteza chumvi kweli. Zipo pia dawa za kifafa na za sonona zinazoshusha sodiamu. Tiba zake hazifanani, kwa hiyo nyumbani hukisii.

Wapo wanaolalamika kuwa wodini sodiamu inapandishwa polepole mno. Ikipandishwa kwa kasi, ubongo unaweza kuumia vibaya.

Mgonjwa akianza kuchanganya maneno, kusinzia kusiko kwa kawaida au kupata degedege, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama kliniki yake ni kesho asubuhi.